Mmoja 14, mwingine 640

Karatasi mbili za maabara ziko mezani kwangu tangu Jumapili, nimezibana na kikombe ili upepo wa ziwa usizipeperushe. Moja ni ya mdogo wangu wa kike, nyingine ni ya kaka yetu mkubwa. Zote mbili zina mstari ulioandikwa feritini, kipimo cha kukisia akiba ya chuma mwilini. Ya mdogo wangu inasoma 14. Ya kaka, 640. Hawa ni watu wa tumbo moja, wamekulia Igogo nyumba moja, dagaa wamekula sufuria moja.

Wamenikubalia niandike, kaka kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisiseme anakaa upande gani wa Kirumba. Mimi nimefundisha kemia sekondari miaka ishirini na nne. Chuma nimekiandika ubaoni mara nisizoweza kuhesabu, na sikuwahi kukifikiria kama kitu kinachoweza kumlaza ndugu yangu hospitali.

Nianze na kaka, maana yeye ndiye aliyeanza kelele.

Kaka anafanya biashara ya samaki Mwaloni. Saa tisa usiku ameshaamka, saa kumi yuko kwenye mizani. Ana miaka 57, tumbo limemtangulia kidogo, na jioni hapiti bila bia mbili tatu na nyama ya kuchoma pembeni. Mwaka jana akaanza kulalamika uchovu. Akaingia duka la dawa, muuzaji akamvuta kope la chini, akatazama, akasema, "Mzee, damu imepungua." Akamuuzia vidonge vya kuongeza damu. Kipimo hakikufanyika. Kaka akavinywa viwili kwa siku kwa miezi mitano, na kila akiishiwa alirudi kununua vingine. Choo kilipogeuka cheusi akafurahi, akaniambia uchafu sasa unatoka. Nikamweleza kwamba ule weusi ni chuma chenyewe ambacho utumbo umekikataa. Hakunielewa, au hakutaka.

Kwetu damu inazungumzwa kama maji ya pipa. Kizunguzungu, damu imepungua. Viganja vyeupe, damu imepungua. Mtu amefiwa, amekonda, amekosa usingizi, bado damu imepungua, na dawa ni juisi ya rozera, supu ya maini, bitiruti na ile chupa ya dawa nyekundu. Halafu kuna wazee wanaosema kinyume chake, kwamba mtu ana damu nyingi, damu nzito, damu chafu, na huyo hupelekwa kupigwa chuku atolewe. Hawa wanajaza, wale wanapunguza, na pipa lenyewe hakuna aliyechungulia ndani.

Mdogo wangu yeye hakulalamika. Anauza mitumba Mlango Mmoja na amepanga Mabatini, juu kabisa, kwenye zile nyumba zinazofikiwa kwa kupanda mawe. Wanaoijua Mwanza wanajua ninachosema: mwenye nyumba anakuelekeza kwake kwa mawe, si kwa mitaa. Presha ilimwanza kwenye mimba yake ya mwisho, haikuondoka, na miaka miwili iliyopita daktari akamwambia moyo umetanuka na unasukuma kwa nguvu ndogo. Akapewa dawa za moyo, dawa ya kukojoa maji, akaambiwa apunguze chumvi. Miguu ikapungua kuvimba, akarudi kulalia mto mmoja badala ya mitatu. Lakini kupanda kwenda kwake bado alikuwa anasimama mara tano. Anajifanya anapiga simu.

Na alikuwa anakula udongo. Ule wa vipande unaouzwa sokoni, ambao wajawazito hununua. Yeye hakuwa mjamzito. Aliuweka kwenye mkoba, anamega kama mtu anavyomega biskuti. Mvua ikianza kunyesha na vumbi likalowa, mate yanamjaa mdomoni, mpaka anacheka mwenyewe. Tulimtania. Hakuna aliyejua kwamba tamaa hiyo ya udongo ni mojawapo ya dalili za mwili uliokaukiwa chuma, na kwamba udongo wenyewe unaweza kuking'ang'ania chuma cha kwenye chakula kisifyonzwe.

Jambo lingine sikulijua kwa sababu mimi ni kaka yake, na kaka haambiwi. Alimwambia mke wangu, wifi yake. Hedhi ilikuwa inakuja siku tisa, kumi, nzito, kwa miaka, kwa ajili ya uvimbe kwenye kizazi. Mke wangu ndiye aliyemwambia daktari. Kama tungesubiri mimi niulize, tungesubiri hadi leo.

Daktari akaangalia wingi wa damu, ukawa 10.8. Chini ya kawaida, ila si namba ya kumtisha mtu. Wengi tungeishia hapo. Yeye akaomba feritini.

Sasa niruhusuni nivae koti la mwalimu kidogo.

Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne hivi za chuma mwili mzima, uzito wa msumari mdogo. Karibu theluthi mbili ziko kwenye damu, ndani ya hemoglobini, zikibeba oksijeni. Kiasi kingine kiko kwenye misuli, moyo ukiwemo, na kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya kila chembe hai. Kilichobaki kimewekwa akiba, zaidi kwenye ini, kimefungiwa ndani ya protini iitwayo feritini. Sehemu ndogo ya feritini huvujia kwenye damu, na hiyo ndiyo inayopimwa ili kukisia ghala lina kiasi gani.

La ajabu ni kwamba mwili hauna njia ya kukitoa. Chumvi ikizidi, figo inaikojoa. Chuma kikizidi, hakuna wa kukitoa. Kinachopotea ni miligramu moja au mbili kwa siku, kupitia chembe za utumbo na ngozi zinazobanduka, na kwa wanawake kupitia hedhi na uzazi. Ziwa letu lina mlango kule Jinja, maji yanatoka yanashuka na Nile. Chuma hakina Jinja. Ulinzi wote uko kwenye kuingia: ini linatoa homoni, hepsidini, inayofunga na kufungua lango la utumbo. Homoni hiyo imejulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, kwa hiyo mimi nilipokuwa chuo hakuna mhadhiri aliyeitamka.

Kwa kujua hili utaona kwa nini mwaka 1981 daktari wa Marekani, Jerome Sullivan, aliandika kwenye jarida la Lancet wazo lililowakera wengi. Ilikuwa inajulikana kwamba wanawake kabla ya kukoma hedhi hawapati sana mshtuko wa moyo kama wanaume wa umri wao, na kwamba baada ya kukoma pengo linapungua. Kila mtu alisema ni homoni za kike. Sullivan akasema hapana, tazameni chuma: mwanamke anakipoteza kila mwezi, mwanamume anakilimbikiza tangu ujana. Hedhi ikikoma, naye anaanza kulimbikiza.

Kikemia wazo lina mashiko, na hapa ndipo moyo wangu ulipodunda. Kidato cha tatu huwa naonyesha jaribio moja dogo: ferasi salfeti ya kijani hafifu kwenye neli ya jaribio, unadondoshea haidrojeni peroksaidi. Inachemka mapovu, rangi inageuka kahawia. Wanafunzi hushangilia. Mmenyuko wa mle uliripotiwa na Henry Fenton mwaka 1894, na baadaye ikaelezwa kwamba chuma kinaipasua peroksaidi na kuzalisha vipande vikali vinavyounguza chochote vinachokigusa. Mwilini peroksaidi ipo. Chuma kikiwa huru nje ya protini zake kinaweza kuyaharibu mafuta yanayosafiri kwenye damu, na mafuta yaliyoharibika hivyo ndiyo yanayojishikiza kwa urahisi kwenye kuta za mishipa ya moyo. Nimeonyesha jaribio lile miaka yote na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza kama ndani yetu nako kunachemka.

Mwaka 1992 Wafini wakaja na takwimu. Jukka Salonen na wenzake waliwafuatilia wanaume 1,931 mashariki mwa Finland, wakakuta wenye feritini ya 200 na kuendelea walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo mara 2.2 ya wengine. Mwaka 1997 wakatoa nyingine, hii inafurahisha zaidi: kati ya wanaume 153 waliokuwa wamechangia damu, mmoja tu alipata mshtuko wa moyo, wakati kati ya 2,529 wasiochangia walipata 316.

Mimi huchangia damu. Niliposoma hayo nilijiona nimeshinda bahati nasibu.

Furaha haikudumu. Mchangiaji damu si mtu yeyote tu. Ukienda Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wanakupima kwanza, mwenye presha ya juu anarudishwa, mgonjwa anarudishwa. Wanaobaki ni wazima tangu mwanzo, kwa hiyo ukikuta mioyo yao iko salama hujui umshukuru nani. Tafiti nyingine za nchi nyingine ziliutafuta uhusiano wa feritini na mshtuko wa moyo, nyingi hazikuuona. Na waliothubutu kufanya jaribio lenyewe, Marekani, waliwachukua wagonjwa 1,277 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, nusu wakawa wanatolewa damu kila miezi sita kupunguza chuma. Matokeo yalitoka 2007. Kwa jumla, vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wenye umri mdogo zaidi walionekana kufaidika, lakini faida inayoonekana kwenye kikundi kimoja baada ya jibu kuu kukataa huwa siipokei haraka, hata kama naipenda.

Kwa hiyo wazo la Sullivan kwangu limebaki zuri na halijathibitika. Halijafa pia. Homoni za kike nazo zilipopewa wanawake waliokoma hedhi, kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa 2002, hazikuwakinga na magonjwa ya moyo kama ilivyotarajiwa. Pengo lile la wanawake na wanaume bado lina sehemu isiyoelezeka.

Ambako hakuna ubishi ni kwenye chuma kilichozidi kweli kweli. Wapo wanaorithi ugonjwa wa lango kutofunga, zaidi ni watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Chuma kinajaa kwenye ini, kongosho, mpaka misuli ya moyo. Kusini mwa Afrika ulielezwa tangu 1929 ugonjwa wa ini uliojaa chuma, kwa wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma. Na kuna watoto wanaoongezewa damu mara kwa mara. Kila chupa ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, ambazo zinaingia mshipani bila kupita langoni kwa hepsidini. Huku kwetu Kanda ya Ziwa hili si jambo la vitabuni. Karibu mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha seli mundu, na wale wanaougua wenyewe wengine huongezewa damu tena na tena. Nina jirani ambaye kila mwanawe akirudi wodini anamkorogea dawa ya chuma ili damu irudi. Mapenzi matupu. Lakini mtoto yule chembe zake zinavunjika, chuma kinabaki mle mle. Siko hodari wa kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba anakosea, nikamwomba tu aende kliniki na hiyo chupa, awaonyeshe.

Hili la kumwaga chuma bila kupima lina historia yake nyumbani. Kisiwani Pemba watafiti waliwapa watoto wadogo chuma na foliki asidi, kwa nia njema, mahali penye malaria nyingi. Mwaka 2003 ikabidi wasitishe, kwa sababu watoto waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Taarifa ilichapishwa 2006. Vimelea na bakteria wanakitaka chuma kama tunavyokitaka sisi. Mwili ukiwa na homa hukificha, na sisi tukawa tunawafungulia ghala. Tangu hapo ushauri ukawa kwamba panapo malaria, chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Nirudi kwa mdogo wangu na 14 yake.

Moyo uliochoka na usio na chuma unakosa mara mbili. Damu inabeba oksijeni kidogo, na misuli ya moyo yenyewe inakosa chuma cha kuendeshea vinu vyake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na wingi wa damu wa kuridhisha na bado akahema. Utafiti wa Muhimbili uliotoka 2015 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi wana upungufu wa chuma. Nusu! Na mwaka 2009 lilishatoka jaribio la wagonjwa 459 lililoitwa FAIR-HF: waliotundikiwa chuma kwa mshipa, nusu walisema wamepata nafuu ya kutosha au kubwa, dhidi ya asilimia 28 ya waliopewa dripu isiyo na dawa, na walitembea mbali zaidi kwa dakika sita. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kulazwa kunapungua kiasi. Kwenye vifo, hakuna cha kushangilia. Lakini mtu anayesimama mara tano kabla ya kufika kwake hakuulizi kwanza kuhusu vifo.

Kaka aliposikia mdogo wetu hana chuma, alifika jioni ile ile na mfuko. Pakiti nne za vidonge vyake. "Mimi nimeshashiba, mpe huyu." Niliona ni mantiki safi kabisa, na kwa mwanamke mwingine ingekuwa sawa. Daktari akatuambia kwa moyo wa namna hii vidonge havifiki. Utumbo umejaa maji, na mwili uliougua muda mrefu hutoa hepsidini nyingi, lango linafungwa. Wamarekani walijaribu vidonge kwa wagonjwa 225 wa moyo, wakatoa jibu 2017: uwezo wao wa kufanya mazoezi haukubadilika. Akatundikiwa dripu ya chuma, kwa awamu, huku uvimbe wa kizazi ukishughulikiwa upande wake, maana huwezi kujaza ndoo iliyotoboka. Chai ya rangi, ambayo alikuwa anainywa juu ya kila mlo, ikasogezwa saa moja mbele, kwani ukali wake hukikamata chuma cha mboga. Limau kwenye mchicha likaongezwa.

Kaka naye, kwa kuwa tayari alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, nikamshinikiza apime. Wingi wa damu: 15.9. Hakuwahi kupungukiwa damu. Feritini 640. Presha 168 kwa 102.

Akapauka. Kisha akapata dawa yake papo hapo: "Basi nikapigwe chuku, itoke."

Nilimwambia chuku inatoa vijiko. Kuchangia damu kunatoa mililita 450, lakini kwa presha ile Damu Salama wangemrudisha mlangoni. Daktari, kijana mpole ambaye kaka alimwita "mwanangu" mara zote, alitabasamu akasema tusikimbilie. Feritini ni mpayukaji. Inapanda ghala likijaa, ndiyo, lakini inapanda pia ini likiwa na mafuta, mtu akiwa mnywaji, mwili ukiwa na homa au uvimbe wowote. Akaomba kipimo cha pili, kinachoonyesha wabeba chuma wa kwenye damu wamejaa kiasi gani. Kikasoma asilimia 31, cha kawaida. Maana yake kelele nyingi zilitoka kwenye ini, na ultrasaundi ikaonyesha mafuta humo. Vidonge viliongeza kiasi gani juu yake, hakuna wa kusema sasa. Akaambiwa aviache leo, bia azipunguze, anywe dawa ya presha kila siku, si siku ya kichwa kuuma tu. Kitakachomuua kaka, kama hatashika masharti, ni presha. Uchovu wake wenyewe uligeuka kuwa kitu cha aibu kwa urahisi wake: mtu anayeamka saa nane na nusu usiku na kulala saa tano, anakoroma mpaka watoto wanahama chumba.

"Kwa hiyo hiyo namba kubwa si chuma?" aliniuliza kwenye daladala tukirudi.

"Ni chuma kidogo na bia nyingi."

Alikaa kimya mpaka Mabatini. Bia amepunguza kwa maneno yake. Kwa maneno ya shemeji, amehamisha baa. Atapima tena Januari. Pakiti zile nne nimezifungia kabatini, kwa kuwa tukizitupa zitaokotwa na mwingine aliyevutwa kope.

Mdogo wangu amemaliza dripu zake wiki tisa zilizopita. Jumamosi nilipanda naye kwenda kwake, nikiwa nimebeba ndoo ya sato. Alisimama mara mbili, na zote mbili ilikuwa kusalimia watu; mara ya pili aliyekuwa anahema ni mimi. Tulipofika juu, ziwa lote likiwa jeusi upande wa Kamanga, mvua ya kwanza ya vuli ikaanza kudondoka kwenye mawe, matone makubwa ya mbali mbali, vumbi likatoa ile harufu yake. Nikamtazama nikisubiri acheke. Akavuta pumzi, akavuta tena, akaangalia uwanja wake kama mtu aliyepoteza kitu.

"Kaka," akasema, "mbona leo inanuka vumbi tu?"